Kuku Wawili Kwenye Pasi

Wakati wa Hali ya Hatari nilifundisha shule ya Kaaga, na nilijiona fundi wa kutengeneza kadi za salamu za sikukuu ya mavuno. Muhuri wangu wa kuku niliuchonga kutoka soli ya raba. Nikitaka kupaka wino wa rangi ya anga kumzunguka kuku bila kumchafua, nilimfunika kwa karatasi yenye umbo lake. Umbo hilo nililikata kwenye karatasi ngumu iliyokuwa mezani imekunjwa, bila kuisoma, mimi ninayechapa watoto kwa kutosoma maswali. Mke wangu akaona mabaki yana muhuri wa serikali, akayatia mfukoni mwa koti langu.

Kwenye kizuizi cha barabara ya Embu, homgadi, askari mgambo wa serikali, aliikunjua pasi yangu ya kusafiria, akanichungulia kupitia matundu mawili yenye umbo la kuku.

"Mwalimu, kuku wameshapita. Wewe pasi yako iko wapi?"