Niliapa Kuwa Mawese Yanatoa Sumu

Jamani, nimekosa. Msinitafutie sababu, nimeshazitafuta mwenyewe na sikupata.

Nauza mawese sokoni Mwanga. Jirani yangu huku Kasingirima, Mama Riziki, mumewe ni mvuvi, na mafuta ya taa walikuwa wakiyaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa. Riziki, mtoto wa miaka miwili, akaikuta chupa, akanywa!

Mama mtu akanijia mbio, mtoto begani anakohoa. "Dada, nimkimbize hospitali?"

"Mpe mawese kwanza! Atatapika sumu yote."

"Una uhakika?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Uhakika sikuwa nao! Nilisikia tu, kama kila mtu hapa anavyosikia. Lakini muuza mawese nitasemaje sijui? Nikaapa ni mia kwa mia, nikamnywesha kwa mkono wangu.

Akatapika, kisha pumzi ikaanza kumpiga chenga. Hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari akasema mafuta ya taa hayatapishwi, yakipanda yanaingia kwenye mapafu.

Nikamuuliza huku nalia, "Ni mimi niliyemuumiza?"

"Sijui, mama. Huenda yalishaingia wakati anakunywa. Siwezi kukuambia nisichokijua."

Riziki akapona. Kumbe balaa ndiyo kwanza linaanza! Mama yake anamwambia kila mtu kwamba mawese yangu ndiyo yaliyomwokoa. Nimembishia mbele za watu, anacheka tu. "Dada, acha kujishusha!"

Sasa wateja wanakuja wakiuliza yale ya kutoa sumu. Nawaeleza alivyosema daktari, wanaona nawabania. Wanahamia meza ya muuzaji mwenzangu.

Wiki iliyopita mtoto mwingine, mtaa wa pili, kanywa mafuta ya taa. Bibi yake akamnywesha mawese. Nilipofika, turubai la msiba limeshafungwa.

Nikakaa mkekani karibu na yule bibi. Akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, labda nilimpa machache."

Ningemwambia nini, Mungu wangu?

Wenzangu, mtoto akinywa mafuta ya taa msimpe kitu, msimtapishe, kimbieni hospitali! Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui hapo hapo, kabla hawajakuamini. Mimi nalisema kila siku sasa, na hakuna anayenisikiliza.