Mwanamke Aliyeripoti Boti Yetu

"Ninyi mmesharipoti asubuhi hii, mbona unanisumbua?"

Ndivyo alivyonijibu mama wa redio ya waokoaji. Nikabaki nimeshika kipaza sauti kama zuzu, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeamka.

"Nani kakupigia, mama?"

"Mwanamke. Kasema boti Jindi, watu wanne."

Aisee! Boti yetu ilikuwa na wanaume watatu. Mwanamke hata wa dawa hakuwepo.

Tulikuwa mimi Kel, Vito, na Garth mwenye boti. Wastaafu watupu. Kila Mei tunapandisha tanga kuelekea kaskazini, tunaikimbia baridi ya Sydney.

Huku kwetu, kila asubuhi unawapigia waokoaji wa kujitolea. Boti gani, inakwenda wapi, ina watu wangapi. Mkizama, wajue wanatafuta wangapi. Hesabu hiyo haina mzaha.

Zamani kuripoti ilikuwa kazi ya Coralie, mke wa Garth. Saratani ikamchukua Septemba. Hii ilikuwa safari yetu ya kwanza bila yeye, na kazi ya redio nikaachiwa mimi.

Kesho yake, mama wa redio akarudia yale yale. Mmesharipoti. Wanne.

Nikamvuta Vito pembeni, nikamweleza.

"Jana ulikunywa bia ngapi?" akanicheka.

Siku ya tatu Vito akapiga redio mwenyewe. Akarudi kanywea, kajibiwa yale yale.

"Kel, mimi narudi nyumbani kwa basi."

Garth hatukumwambia kitu. Angeanzia wapi kutuelewa? Alikuwa hali chakula vizuri, hacheki, na kitandani alilalia upande mmoja tu. Ule mwingine alikuwa haugusi.

Siku hiyo hiyo tukatia nanga mtoni, kwenye mji mdogo wa Iluka. Nje, kwenye fungu la mchanga mdomoni mwa mto, mawimbi yalikuwa yanapasuka vibaya. Hakuna boti iliyothubutu kutoka.

"Nendeni mkanunue barafu na kamba," Garth akatuambia. "Mimi nitapumzika."

Barafu gani? Tulikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha redio. Mama mwenyewe anaitwa Beryl, miwani puani, pai ya nyama mkononi.

"Mama, hizo simu mnazirekodi?"

Akabonyeza kitufe.

"Hapa Jindi. Tunaelekea kaskazini. Tuko wanne, wote wazima."

Ilikuwa sauti ya Coralie. Vito akapiga ishara ya msalaba.

Mara redio ikaita yenyewe. Sauti ile ile.

"Hapa Jindi. Tunatoka mtoni sasa. Tuko wawili."

Beryl akaweka pai chini. "Kutoka? Na bahari ilivyochafuka hivi? Wawili gani, na ninyi mko hapa?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na woga wa mizimu wote ukaniisha. Botini alikuwa kabaki mtu mmoja tu. Garth!

Tulikimbia, wazee wazima, mpaka kwenye kiboti cha mpira.

"Washa, Vito! Washa!"

Tulimkuta keshang'oa nanga, injini inanguruma. Simu yake alikuwa kaisogeza kwenye kipaza sauti cha redio. Kwenye kioo cha simu, Coralie anacheka, video ya zamani.

"Shukeni, Kel. Nataka twende wenyewe, mimi naye."

"Naye nani, Garth? Uko peke yako!"

"Ndiyo maana."

Vito akanyakua usukani. Mimi nikamkumbatia yule mzee kwa nguvu zangu zote. Alilia mpaka shati langu likalowa, nami nikalia, wala sioni aibu kusema.

Alipotulia, nikamuuliza, "Sasa kwa nini umetutisha siku tatu zote, ndugu yangu? Wanne, wanne, kila asubuhi?"

Akanitazama haelewi.

"Siku tatu? Nimeicheza leo tu, Kel."

Akanipa simu nijionee. Video ya mkewe akiripoti ilikuwa moja tu, ya safari waliyokwenda wawili. Ya watu wanne haikuwemo. Mpaka leo sijui nani aliyekuwa akiripoti, na Beryl naye hajui.

Garth anatibiwa, na kila Jumapili anakula kwangu.

Ndugu wasomaji, siku tatu tulikuwa tunamwogopa aliyekufa, wakati anayetaka kufa tunakula naye sahani moja. Kama una rafiki aliyefiwa, usimwachie ukimya wake. Muulize kinagaubaga kama anataka kufa. Mimi swali hilo liliniogopesha kuliko mzimu, na kidogo tu nimzike.