Mama Mdogo Alipotusomea Riwaya za Mapenzi

Juzi nilipita Temeke, mtaa niliokulia, nikasimama pale ilipokuwa nyumba ya bibi. Sasa pana safu ya fremu za maduka. Kwenye fremu moja msichana anauza kava za simu, nikamkuta analia, machozi yanamdondokea kwenye meza ya kioo. Nikamuuliza kulikoni. Akajifuta haraka, akacheka kwa aibu.

"Shikamoo anti. Wala hakuna kitu, ni riwaya tu, tunatumiwa kwenye grupu. Huyu dada anampenda mmoja, anaolewa na mwingine. Inauma, ila ndo alivyoandikiwa."

Ndo alivyoandikiwa! Jamani, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nikanunua kava nisiyoihitaji, ili tu nisimjibu vibaya mtoto wa watu, nikaondoka naongea peke yangu barabarani. Kaa hapa nikueleze, maana usipojua kisa utadhani nimechanganyikiwa.

Nyumba ya bibi ilikuwa na uwanja wa nyuma uliozungushiwa ua wa makuti. Kila Jumamosi, kazi za asubuhi zikishakwisha, wanawake wa mtaani walikuja pale kusukana. Mie kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kunyunyiza maji vumbi litulie, kisha kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Bibi alikuwa kwenye karai anakaanga mihogo, na jirani yetu mshona nguo hakuwahi kuja bila jagi lake la ukwaju. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye nywele za mtu, mdomo unajaa mate ya mihogo.

Na uwanja ule ulikuwa na sheria yake: anayesukwa ndiye anayesoma. Msusi mikono yake haina nafasi, wanaosubiri zamu wanachambua mchele, lakini anayesukwa kaketi tu, kainamisha kichwa, basi apewe kitabu. Riwaya za mapenzi zilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka majalada yakatoka, na jirani mshona nguo akazishona kurasa kwa cherehani. Sasa wengi wao walikuwa wanasoma kama wanaotangaza msiba. Msomaji hasa alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, binti wa mwisho wa bibi. Yeye akisoma, mama mkwe mkorofi ana sauti yake, bwana tajiri ana kikohozi chake, mpenzi masikini ukimsikia unataka kumpa chakula. Kwa hiyo kila Jumamosi mama mdogo alifumuliwa nywele hata kama alisukwa juzi, akasukwa twende kilioni, zile za harakaharaka, ilimradi tu akae chini atusomee. Alikuwa analalamika kichwa kinamuuma, huku anacheka.

Hadithi zenyewe zilifanana. Binti ana mtu wake wa moyoni, nyumbani wameshamletea mchumba mwingine, na huko juu majaaliwa yanapanga mambo yao. Watu wamekaa, ndoa inataka kufungwa, mara mpenzi huyo anatokea mlangoni, jasho linamtiririka. Wee! Uwanja mzima unalia. Jirani mshona nguo ndiye aliyekuwa analia kupita wote.

"Hivi hawa wazazi hawana hata haya?" alikuwa anasema, anapenga kamasi kwenye upindo wa kanga. "Mtoto wa watu hana hata mmoja wa kumsemea!"

Bibi naye, pamoja na ukali wake wote, alikuwa anasahau mihogo inaungua.

Nyuma ya makuti palikuwa na kibanda cha fundi redio, kijana mpole, hana maneno mengi. Mama mdogo akianza kusoma, redio zote za kibandani zinazimwa. Na yeye akifika penye maneno matamu anageukia upande wa makuti, anapaza sauti, msusi anamgonga na chanuo atulize kichwa. Wanawake wanatazamana, wanacheka chini chini. Hakuna aliyekuwa hajui pale, bibi akiwemo.

Basi ikaja posa. Bwana mmoja wa Tabata, ana duka lake, mtu mzima kidogo, mwenye heshima zake. Mama mdogo aliposikia, alinishika mkono mchana kweupe tukaenda mpaka kibandani.

"Jumapili alasiri wazee wanakuja kuniuliza," alimwambia fundi. "Njoo kabla hawajaniuliza. Njoo useme na mama."

"Nitakuja," fundi akasema. Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Sasa nikwambie, kwetu binti anaulizwa, asije mtu akasema tulikuwa tunaozana kwa nguvu. Wazee wanasimama nje ya pazia la chumba, wanauliza mara tatu kama ameridhia. Lakini binti akijibu ndiyo kwa sauti ataambiwa hana haya, kwa hiyo mabinti hunyamaza, na kimya kinahesabiwa kuwa ndiyo. Asiyetaka ndiye anayepaswa kusema.

Jumapili ile nilikaa naye kitandani. Wanawake wa Jumamosi wote walijazana chumbani na kanga zao mpya. Mzee akauliza mara ya kwanza. Mama mdogo akatazama dirishani, kule kwenye makuti, na mie mtoto nilijua anasubiri nini. Sote tulijua, tulikuwa tumesoma wote! Hapo ndipo mpenzi anapoingiaga. Mzee akauliza mara ya pili, mkono wangu umebanwa mpaka vidole vimekufa ganzi. Kule kibandani redio ilikuwa inaimba. Kumbe mtu yupo, kakaa kwenye stuli yake, anachoma lehemu! Mzee akauliza mara ya tatu, mama mdogo bado macho dirishani, machozi yameshafika kidevuni. Mzee akasema kimya cha mwari ni jibu tosha. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa nani? Kwa jirani mshona nguo.

Baadaye fundi alipoulizwa mbona hakutokea, alijibu eti, "Angekuwa wangu, asingekwenda. Ni majaaliwa." Majaaliwa gani, mwanamume wewe, na kutoka kibandani mpaka mlangoni kwa bibi huwezi hata kumaliza muwa? Yeye anasubiri majaaliwa, mwenzie anamsubiri yeye, na wazee hawasubiri mtu. Bibi akasema ndivyo alivyoandikiwa. Jirani akasema hivyo hivyo. Mungu anasingiziwa mengi katika mji huu. Walioandika ni wao, kwa midomo yao iliyofumbwa, na leo kuna watu wanayarudia maneno hayo hayo kwenye riwaya mpya na kuyaita mapenzi.

Mume wake si mtu mbaya, na hilo linanikera zaidi, maana sina hata wa kumnunia. Ua wa makuti ulikwenda, bibi akafariki, nyumba ikauzwa. Wasichana siku hizi wanasuka saluni, kila mmoja na simu yake, na riwaya anaisoma peke yake kimoyomoyo. Nautamani uwanja ule, sitakuficha. Nautamani na bado nina hasira nao.

Mama mdogo hajasoma tena kwa sauti tangu aolewe. Mwaka jana nilimpelekea riwaya mpya huko Tabata. Akaigeuzageuza, akanirudishia. Ndipo nikamuuliza swali nililokaa nalo miaka yote: sauti alikuwa nayo, mbona hakusema hataki?

"Fundi nilishamkatia tamaa kwenye swali la pili," alinijibu. "La tatu nilikuwa nawasubiri nyie. Chumba kizima, nikajua hapa atakosekanaje hata mmoja. Yule wa kwenye kitabu, ambaye hayupo duniani, mlimlilia mpaka mkakosa usingizi. Mie nimekaa mbele yenu na machozi yangu, mkanipigia vigelegele."