Koplo Rwezaura na Sanamu ya Burma

Babu yangu mzaa mama, Rwezaura, alirudi kijijini Kaisho kutoka vitani mwaka 1946 na kofia ya jeshi, mablanketi mawili, na sanamu ya shaba aliyoifunga ndani ya shati. Ilikuwa na kimo cha chupa: mtu aliyeketi amekunja miguu, macho ameyainamisha, mkono wa kushoto mapajani, wa kulia umeteremka mbele ya goti hadi vidole vikagusa chini.

Waliomuuliza aliwaambia kwamba alipewa na mzee wa hekalu huko Burma, kwa sababu alimtoa kwenye moto. Hadithi hiyo ilipendwa. Rubisi, pombe ya ndizi, ikiiva watu walimwita aisimulie, na kila aliposimulia moto uliongezeka. Mwaka wa kwanza aliokoa mzee mmoja. Mwaka wa tatu walikuwa mzee na watoto wawili. Harusini alipewa kiti cha mbele. Hata katekista, aliyekuwa mkali kwa mambo ya masanamu, alisema zawadi ya shukrani si dhambi. Nyumbani sanamu ilikaa kwenye meza ndogo karibu na mlango, na babu akiingia aliivisha kichwani kofia ile ya jeshi. Bibi yangu, Dafroza, aliipangusa vumbi kila Jumamosi, pamoja na vikombe.

Mwaka 1951, wakati wa kahawa, lori la mfanyabiashara Mhindi aitwaye Jethalal lilizama kwenye tope mbele ya kibanja chao, shamba la migomba lililozunguka nyumba. Mvua ilikuwa inamwagika. Jethalal alikuwa amempakia mama yake mzazi, Rambhaben, akimpeleka Bukoba kwa binti yake.

"Shikamoo, mama. Ingieni ndani, mtalowa," bibi aliwaita.

Rambhaben alifika mlangoni, akaiona sanamu, akasimama. Akavua viatu vyake, ingawa sakafu ilikuwa ya udongo na imeshaloa. Akaenda moja kwa moja mezani, akaiondoa ile kofia kwa vidole viwili, akampa babu mkononi. Kisha akaviunganisha viganja vyake na kuinamisha kichwa.

"Nimelelewa Rangoon," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu lakini kilieleweka. "Baba yangu alikuwa na duka la mchele kule. Sisi ni Wahindu, lakini majirani zetu walikuwa watu wa Buddha. Kila nyumba ilikuwa na huyu, na walimweka mahali pa juu, kupita vichwa vya watu."

"Hatukujua, mama," babu alisema.

"Mkono huu, unajua maana yake?"

"Nadhani amepumzika."

"Hapumziki. Mwovu alimjaribu, akamwambia huna shahidi wa wema wako. Yeye akaigusa ardhi. Ardhi ndiyo shahidi wake, imeona yote." Akamgeukia babu. "Aliyekupa hakukuambia?"

Babu akaanza habari za moto. Bibi aliniambia kwamba siku hiyo maneno yalimtoka moja moja, kama mtoto anayesoma darasani. Rambhaben alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akainyanyua sanamu kwa mikono miwili, akaiinamisha ili aone chini.

Palikuwa na tundu. Kingo zake zilikuwa zimechanika, na kuzunguka tundu kulikuwa na mikwaruzo ya chuma.

"Hapa huzibwa kwa nta," alisema polepole. "Ndani huwekwa dua iliyoandikwa, nafaka, pengine majivu ya mtu mtakatifu. Vikishatolewa, hubaki shaba. Mzee wa hekalu hampi mtu sanamu iliyopasuliwa tumbo."

Jethalal alimwambia mama yake neno kwa Kigujarati, uso umemwiva kwa kumwonea aibu mwenyeji wake. Rambhaben akairudisha sanamu mezani. Mvua ilipopungua wanaume walitoka kulisukuma lori, na babu akasukuma nyuma kabisa, tope likimrukia usoni, hakulifuta.

Walipoondoka bibi aliuliza, "Baba Joviana, nani aliyelitoboa tundu lile?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani mna dhahabu. Niliipasua kwa singe ya bunduki." Akakaa chini. "Kulikuwa na karatasi iliyokunjwa na punje za mchele. Nikavitupa. Hekalu lilikuwa limekwishabomoka, ila palikuwa na mwanamke mzee akifagia. Alipiga magoti kwenye tope, akaanza kuokota zile punje. Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, Dafroza. Nikaiweka sanamu kwenye mkoba mbele ya macho yake."

Bibi hakumfokea. Alimkumbusha jambo moja tu, na babu alisema ni afadhali angemfokea. Baba yake Rwezaura alikuwa mhunzi kule Bweranyange. Siku moja mgeni aliyepita na msafara aliingia kiwandani kwake, akaichukua nyundo kubwa, nyundo ya mwiko ambayo hata mke wa mhunzi hakuthubutu kuiruka, akapasulia mfupa wa mbuzi apate uboho. Hakuiba kitu, aliirudisha na kwenda zake akipiga mluzi. Mhunzi yule alizima moto wake mwezi mzima. Rwezaura alikuwa mtoto, na alimwona baba yake akilia.

"Kwa hiyo ulijua," bibi alisema.

"Nilijua."

Jumapili baada ya misa babu alisimama mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa kwa Kahigi, jirani yake, akawaambia kwamba hapakuwa na moto wala mzee aliyeokolewa, kwamba aliiba. Alitarajia wamtemee mate. Wakacheka. Kahigi akamjazia kibuyu, akamwambia, "Koplo, vita ni vita. Tusimulie vilevile, ilikuwa tamu!" Babu akakiweka kibuyu chini, akarudi nyumbani kwa njia ya migombani ili asikutane na mtu.

Lori lilipopita tena likimrudisha Rambhaben, babu alimwomba aichukue sanamu. Alikataa. "Mimi si mwenyewe. Dar es Salaam kuna Wasingala, watu wa kisiwa jirani na Uhindini, wenye nyumba ya ibada ya Buddha. Wapelekee wewe, kwa mkono wako."

Akaenda. Lori hadi Bukoba, meli hadi Mwanza, kisha treni. Njia nzima aliipakata, imefungwa kwa kanga mpya ya bibi, na abiria mmoja kwenye behewa alimuuliza kama ni maiti ya mtoto.

Mlinzi wa ile nyumba alikuwa Msingala wa makamo, aliyekizungumza Kiswahili kama mtu wa pwani. Aliipokea kwa mikono miwili. Babu alimweleza yote, pamoja na kicheko, akiwa amesimama nje kwa sababu hakuthubutu kuingia. Mlinzi alilitazama tundu kwa muda mrefu.

"Tutaizungumzia na wakubwa," alisema. "Huenda siku moja atapatikana mtu anayekwenda Burma. Kijiji hicho kinaitwaje?"

Babu akaanza kuikunja kanga.

"Kilikuwa kwenye bonde la Kabaw," alisema.

"Bonde ni kubwa, mzee. Kijiji?"

Hakujua. Wakati wa vita alikaa kijijini pale siku nne, akala mihogo ya shamba lao, akanywa maji ya kisima chao, na hakuwahi kumuuliza mtu yeyote jina la kijiji. Alirudia mara mbili kwamba palikuwa na mto mdogo na miti ya msaji, na kila alipoyataja yalizidi kuonekana hayatoshi. Mlinzi akamkaribisha chai. Babu akashukuru, akasema treni itamwacha, ingawa treni ilikuwa ya kesho yake.

Alirudi Kaisho amekonda. Bibi alimuuliza kama walimfukuza.

"Walinipokea vizuri," alisema. "Yule bwana aliniita mzee."

Akabadili nguo, akachukua panga. Upepo ulikuwa umeangusha migomba mitatu upande wa chini wa kibanja, na mmoja ulikuwa na mkungu mchanga. Akaenda kuushughulikia huo kwanza.