Mbwa wa Marehemu Gervasi

Nyumbani kwa Mwalimu Odeta, kijijini Mabawe, Ngara, mbwa waliitwa kwa majina yao. Mgeni aliyesema "hao mbwa wenu" alipewa kiti na chai kama mgeni mwingine yeyote, ila hakuombwa kukaa zaidi. Mumewe Gervasi ndiye aliyeweka utaratibu huo, na alipofariki, mjane wake hakubadilisha chochote.

Wawili wa kwanza Gervasi alikuja nao kutoka Mwanza, alikokuwa mwongoza mbwa wa kampuni moja ya ulinzi. Kampuni ilipofilisika, wenzake walidai mishahara mpaka wakachoka. Yeye alisema atachukua mbwa. Wakampa dume na jike, mbwa wa Kijerumani aina ya shepadi wenye vyeti vya ukoo, Kaiza na Malkia. Kijiji kilicheka mwezi mzima.

"Wenzako wanarudi na mabati," kaka yake alimwambia. "Wewe umerudi na midomo ya kulisha."

Walinyamaza wenyewe siku Kaiza alipowaweka chini wezi wawili wa mbuzi, akakaa katikati yao bila kuwauma mpaka mgambo wakafika. Baada ya hapo kila mwenye zizi alitaka mtoto wa Kaiza. Gervasi angeweza kuuza, akaona kuuza ni kujidhalilisha. Baba yake alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa na mkeka na sufuria, na ng'ombe wake wa kwanza aligabiwa na mzee mmoja wa Kihangaza, kabila la wenyeji. Hivyo ndivyo watu wa huku walivyofungamana: unamgabia mtu mtamba, anamtunza, na anapozaa, mtu yule anarudisha jike mmoja kwa shukrani, mbele ya watu, na mtungi wa pombe ya ndizi. Tangu siku hiyo nyumba mbili si wageni tena. Gervasi hakuwa na ng'ombe wa kugaba. Alikuwa na mbwa.

Akagabia nyumba sita, kila moja mtoto jike. Ildefonce wa Murukulazo alipata, Speciose wa Nyakisasa alipata, na wengine wanne. Majike wao walipokuwa tayari walipelekwa kwa Kaiza, kwa kuwa dume mwingine wa damu ile hakuwepo kuanzia Ngara hadi Biharamulo. Walipozaa, jike mmoja alirudishwa Mabawe kwa heshima zote, akakuzwa, akapandwa. Gervasi aliandika kila kitu kwenye daftari, kwa mstari ulionyooka. Watu ambao baadhi ya majirani bado waliwaita wakimbizi nyuma ya migongo yao sasa walipokea wageni wenye mitungi mara mbili kwa mwaka. Odeta, mwenye cheti cha ualimu na kanga zilizopigwa pasi, alisimama mlangoni kuwapokea, na moyoni alijua jina la nyumba yake limepata mizizi.

Gharama yake aliijua yeye. Kila alfajiri alichemsha mifupa na dagaa kabla ya kwenda shule. Chanjo ya kichaa ilipatikana kwenye kata, lakini ile ya ugonjwa wa kuhara damu ilitoka Mwanza ndani ya chupa ya barafu, kwa basi, na basi likiharibika Lusahunga kinachofika ni maji tu. Mwaka mmoja yalifika maji. Watoto wa mbwa kumi na mmoja walikufa ndani ya siku sita, na Odeta ndiye aliyeshika jembe, kwa sababu Gervasi alikaa kwenye ngazi ya banda asiweze kuinuka. Malkia mwenyewe alikwama na mtoto tumboni. Daktari wa kumpasua alikuwa Bukoba. Alikata roho kwenye gari la kukodi kabla hawajafika Biharamulo, kichwa kikiwa mapajani mwa Odeta, na gauni lile hakulivaa tena. Kaneza, binti yao pekee, alichelewa mwaka mzima kuingia chuoni kwa kukosa ada. Watu walipouliza, mama yake alisema msichana anapumzika.

Gervasi aliondoka kwa presha, akiwa na neno moja la kuacha: ukoo wake uandikwe kwenye kitabu cha chama cha wafuga mbwa, Arusha. Ili uandikwe, mmoja lazima asimame kwenye maonyesho na apite.

Odeta aliuza ng'ombe wake wa pekee. Alimchagua Sultani, dume wa miaka miwili, mweusi mgongoni na mwekundu miguuni, mwenye kifua ambacho Gervasi angekipigia saluti. Akachukua kibali cha kusafirisha mnyama, akakodi pikapu, akafungiwa kizimba cha mbao. Siku mbili barabarani, Kahama, Nzega, Singida, kila nyumba ya wageni ikiwakataa, mpaka akalala ndani ya gari mwanamke wa miaka sitini na moja, shali kichwani, mkono kwenye kizimba.

Uwanjani walikuwepo watu wenye mahema, brashi za aina tatu, na vijana wa kukimbiza mbwa. Odeta alimkimbiza wake mwenyewe. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Watu walipiga makofi kidogo, kwa wema, naye akaujua wema huo ni wa aina gani.

Mwamuzi alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi aliyeitwa Rozina. Alimpapasa Sultani kifuani na shingoni, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alipofika kiunoni, mikono ikasimama. Akaomba azungushwe tena, polepole. Kisha akamwomba Odeta waende pembeni, kwenye gari lenye mashine ya picha za mifupa.

Picha ilitundikwa kwenye mwanga. Rozina akaelekeza kwa kalamu.

"Mama, hiki ni kichwa cha mfupa wa paja. Kinatakiwa kukaa ndani ya kikombe hiki. Unaona kinavyoelea nje?"

"Naona."

"Anaumia. Huyu hulalamika?"

"Hawakufundishwa kulalamika."

Rozina akavuta kiti. "Nyumbani wako wengine wanaoamka kwa kujivuta? Wanaokaa upande upande?"

Odeta aliwaona mmoja mmoja. Rani, anayekataa kupanda ngazi. Mama yake Rani, ambaye Gervasi alisema ni mvivu. Wale wawili wa Nyakisasa ambao Speciose alidai wamerogwa. Akafungua mkoba akatoa daftari la marehemu, kwa sababu alilileta kwa fahari, kuonyesha mwandiko.

Daktari alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

"Nani alikuwa anachagua madume?"

"Dume alikuwa mmoja. Kisha mwanawe."

"Na majike?"

"Ni wa kurudishiwa. Tuliwagaba, wakazaa, tukaletewa."

"Yaani kila uliyemtoa amerudi kwa baba yake." Rozina alisema kwa sauti ya chini, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Kwa ng'ombe mna madume wa kijiji kizima, kosa linapotea. Hapa halikuwa na pa kupotelea. Mumeo aliandika vizuri sana, Mama. Kila kosa liko hapa na tarehe yake."

Odeta alilichukua daftari, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo, akalirudisha mkobani.

Jina halikuandikwa.

Nyumbani Rani alikuwa na watoto watano wa wiki saba, wazuri kama waliochorwa. Taufiki, mwenye ghala la mazao Ngara mjini, alifika siku ya tatu kuwaangalia. Odeta alimfundisha darasa la nne, na mpaka leo alisimama mbele yake mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hawa hawatoki tena, Taufiki."

"Uliniahidi mmoja. Hata kumgusa simgusi, unajua dini yetu. Atalala nje, atalinda mahindi, mimi nitamsalimia kwa mbali."

Akamweleza. Hakumweleza yote, lakini ya kutosha. Taufiki alisikiliza akikuna ndevu.

"Mwalimu, kwa heshima yako. Nani Ngara nzima anapiga mbwa picha ya kiuno?"

"Hakuna."

"Basi hakuna ugonjwa. Mwizi akimwona atauliza cheti cha nyonga? Wewe sema ni wa marehemu Gervasi, inatosha. Jina hilo ni kufuli tosha."

"Ndiyo maana siwezi."

"Ukisema, watu watamsema yeye, si wewe. Maiti hajitetei. Mwache alale na sifa zake."

Hilo ndilo lililomnyima Odeta chakula kwa siku kadhaa. Taufiki alikuwa amesema kweli. Akinyamaza, Gervasi atabaki kuwa Gervasi. Na huko Murukulazo na Nyakisasa majike wataendelea kupandwa na kaka zao, na watoto watazaliwa wa kuburuta miguu, kila mmoja akiitwa kwa jina la mumewe. Akisema, atalivunja jina hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Hakupewa muda wa kuchagua wakati wake. Jumapili baada ya misa Ildefonce alifika na watu wanane, mtungi umefunikwa majani ya mgomba, na ndani ya kikapu jike wa miezi miwili mwenye utepe shingoni. Ilikuwa zamu yake ya kurudisha. Wakaketi uani. Ildefonce alivua kofia.

"Mama Kaneza, marehemu alinigabia nikiwa sina wa kunibwekea. Leo nina zizi, nina usingizi. Nimeleta shukrani. Huyu ndiye bora kuliko wote niliopata, wengine nimewaacha nyumbani."

Kukataa kikapu ni kusema urafiki umekwisha. Odeta alikipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akamtoa mtoto, akamweka chini, na yule mtoto akatembea hatua nne akiyumba nyuma, akakaa upande upande. Wageni wakacheka kwa upendo.

"Amelewa kabla yetu," mmoja akasema.

Odeta hakuketi. "Ildefonce, nimepokea, na nashukuru. Lakini nina neno, na nitalisema mbele ya hawa ili lisije likasemwa na mwingine. Huyu asizae. Wala hao uliowaacha nyumbani. Hawa wote ni ndugu, baba mmoja, na wamevunjika ndani. Nimeonyeshwa kwenye picha. Daktari wa kuwafunga kizazi atakuja, gharama ni yangu."

Mtungi ulikuwa haujafunuliwa. Ildefonce alimtazama mtoto, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Kwa hiyo marehemu alinigabia kilema."

"Alikugabia kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo."

"Alijua?"

Odeta akamrudisha mtoto kikapuni. Miaka yote aliacha watu waamini kwamba Gervasi anajua kila kitu kuhusu mbwa, na mara nyingine alilisema yeye mwenyewe, kwenye vikao, akiwa ameinua kidevu.

"Hakujua," akasema. "Alipanga mbwa kama ng'ombe. Hakujua."

Mtu mmoja alikohoa. Ildefonce alivaa kofia yake, akainama, akaubeba mtungi ukiwa na majani yake.

"Mimi nilikuja kunywa na mtu aliyejua," akasema kwa upole, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. Kikapu alikiacha.

Odeta alimaliza alichoanza. Watoto wawili wa Rani waliokuwa wakilia wakiinuka walichomwa sindano ya kuwalaza milele na daktari wa wilaya, na yeye aliwashika. Watatu walifungwa kizazi. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba na pikipiki ya kukodi. Kwa Modestus, mmoja wa wale sita, alisikilizwa, na majike wakafungwa kizazi. Nyumba moja walimwambia mwenye mbwa amesafiri, huku kofia yake ikining'inia mlangoni. Speciose alimpa maji ya kunywa, akasema atafikiri, na Odeta alipotoka alisikia mlango ukifungwa komeo mchana kweupe. Kaneza alipiga simu kutoka chuoni Dodoma kuuliza kwa nini watu wa nyumbani wanamwambia mama yake amechanganyikiwa na msiba. Odeta akamwambia ale vizuri na asome.

Mwaka uliofuata alikwenda Biharamulo kwa mazishi ya mwalimu mwenzake. Akipita gulioni aliona watu wamezunguka kijana aliyeshika dume mdogo kwa kamba, mweusi mgongoni na mwekundu miguuni.

"Damu safi," kijana alikuwa akisema. "Mbwa wa marehemu Gervasi, waulizeni watu wa Ngara. Hawa hawauzwi hovyo."

Mzee mmoja mwenye koti alikuwa tayari ametoa pesa mfukoni. Mbwa alikaa. Mguu mmoja wa nyuma ulibaki nje, kama si wake.

Odeta alisogea. Alikuwa na nguo nyeusi za msiba na mkoba mkononi, na watu wakampisha.

"Baba, usimnunue. Baada ya mwaka mmoja hatasimama."

Kijana akageuka. "Mama, unajua nini kuhusu mbwa hawa? Wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wa Gervasi."

Mzee alirudisha pesa mfukoni na kuondoka bila kuaga. Waliobaki walimtazama mwanamke yule, si mbwa. Kijana alikunja kamba mkononi, na sauti yake haikuwa ya matusi, ilikuwa ya mshangao wa kweli.

"Mke wake mwenyewe," akawaambia watu. "Mnaona? Mke wake mwenyewe anamchafua maiti."

Odeta alimwuliza yule dume anaitwa nani. Kijana akasema hajapewa jina. Basi akauliza bei, akaitoa yote, ile ya nauli ikiwemo, akaipokea kamba. Barabara ya kwenda msibani ilikuwa ya kupanda, na mbwa hakuweza kwenda haraka, kwa hiyo wakatembea kwa mwendo wake.