Mstari Uliokata Shamba la Wema

Njoo karibu unisikilize, na usiliogope neno fizikia. Safari hii linatembea kwa kwato. Niliondoka Malindi, ninakofundisha fizikia sekondari, kwa sababu wataalamu waliokuwa wakifuatilia mienendo ya ng'ombe huko Tana walitaka mtu wa kuieleza kazi yao kwa Kiswahili. Wao walikuwa wameshaieleza hadi hakuna aliyeielewa.

Asubuhi tulishika barabara ya Garsen kwa gari lao lenye kiyoyozi. Kiongozi wetu, aliyependa kuitwa Daktari, alifungua dirisha mara moja kupiga picha mifugo, kisha akalifunga haraka. Utafiti wake ulikuwa unanuka.

Minjila, adhuhuri, kikao kilikuwa kinatungoja. Daktari akatundika ramani yenye mstari mwekundu: mwendo wa ng'ombe aliyevikwa kola ya setilaiti, mali ya Galgalo, mfugaji wa Kiorma. Mstari ulikata katikati ya shamba la Mama Komora, mkulima wa kijiji cha Wema, ambaye mpunga wake ulikuwa umeliwa. Wajumbe walikuwa tayari kumfungia Galgalo malka, yaani njia ya mifugo kwenda mtoni. Katika kiangazi kile, kufungiwa malka ni kuzika kundi zima.

"Mstari huo imepita maji marefu," Galgalo alisema. "Ng'ombe yangu si samaki, mwalimu."

"Setilaiti haisemi uongo, mzee," Daktari akajibu. Wajumbe wakakubali, maana ramani ilikuwa ya rangi.

Nikamuuliza Daktari kola hutuma habari mara ngapi. Asubuhi na jioni, akasema, ili betri isiishe.

Nikawageukia wajumbe. "Mpige mtoto picha asubuhi akiwa nyumbani, na nyingine mchana akiwa shuleni. Kompyuta itaunganisha picha hizo kwa mstari ulionyooka. Mapera aliyopitia kuyaiba haitayaona."

Kumbe kola yenyewe huhifadhi kila dakika mahali alipo ng'ombe. Hakuna aliyejisumbua kuifungua. Jioni Galgalo akamshika ng'ombe pembe, tukaivua, tukachora upya. Mstari ukapinda kama utumbo: ukalizunguka shamba, ukashuka malka, ukarudi. Nikawaeleza kwamba kwa dakika ng'ombe huongozwa na ulimi, kwa siku na kiu, kwa msimu na mafuriko. Ukimpima kwa kipimo kimoja tu, unamjua nusu, na nusu nyingine unamsingizia.

Kesho yake, Wema, tulikagua shamba. Nyayo pana za kiboko zilitoka mtoni hadi kwenye mpunga.

"Mama, hukuziona hizi?" nikauliza.

"Niliziona, mwanangu. Lakini kiboko nitambishia hodi wapi?"

"Ndiyo ukabisha kwangu," Galgalo akasema.

"Kwako angalau kuna chai."

Mama Komora alicheka peke yake. Baadaye, mbele ya wajumbe, akasema malka isifungwe, nao wakaafiki upesi kama walivyoafiki mwanzo.

Tukirudi Malindi, Daktari aliniomba niruhusu ramani ya kwanza ibaki katika ripoti niliyotakiwa kuitia sahihi, kwa kuwa ilipendeza zaidi. Nilikataa. Mstari ule uliopendeza ulikaribia kuua ng'ombe wa watu kwa kiu, na kosa halikuwa la setilaiti.

Basi, ukionyeshwa mstari wa mwendo wa mnyama, uliza kwanza ni muda gani umepita kati ya nukta na nukta. Kama ni nusu siku, usitie sahihi.