Kamera ya Fundi Zakaria

Usiku ule nililala na hasira, kamera mbili zikiwa mezani. Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya Neema, binti wa marehemu Fundi Zakaria, mtu aliyenifundisha kupiga picha pale Korogwe, na Neema alitaka picha za filamu kama za zamani. Nilikuwa nimeshaamua kubeba kamera yangu inayojilenga yenyewe: unabonyeza, inanguruma kidogo, kazi imekwisha. Lakini Neema akaniletea ile ya baba yake, ya chuma, ya kulenga kwa mkono. Ndani ya kidirisha chake unaona sura mbili za mtu mmoja, unazungusha lenzi polepole mpaka zikutane.

"Baba aliondoka na aibu, dada Rehema," aliniambia. "Angalau kamera yake ipate harusi moja ya heshima."

Aibu yenyewe mji mzima unaijua. Katika harusi ya mwisho aliyoajiriwa kupiga picha, Fundi alipiga viapo na pete, filamu nzima, kifuniko kikiwa kwenye lenzi. Kamera ile hutazami kupitia lenzi. Kidirisha kiko pembeni, kwa hiyo wewe unaona kila kitu na filamu haioni kitu. Watu wakasema mzee haoni tena. Wanawe wakaifunga studio, mimi nikafungua yangu, wateja wakahamia kwangu, naye akakaa ndani miaka miwili mpaka akafa. Sikwenda kuzika. Marehemu hasemwi, ndivyo tulivyofundishwa, lakini huyu nitamsema: alikuwa na roho mbaya, na sikumpenda.

Usingizini nikajikuta kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha, taa nyekundu inawaka, naosha picha kwenye beseni. Fundi akaingia bila kubisha, amevaa koti lake la kaki. Nikamwamkia. Akaitazama mikono yangu, kama alivyoitazama zamani kila aliponiambia mbele za watu kwamba hii ni mikono ya kufulia nguo.

"Piga," akasema.

Sijui tulitokaje mle, ila sasa tuko kanisani. Neema na bwana harusi wamesimama bega kwa bega mbele ya ukuta mweupe. Nachukua kamera yangu. Inanguruma, lenzi inaenda mbele, inarudi nyuma, inapenya katikati ya mabega yao na kuulenga ukuta. Nabonyeza. Picha inatoka palepale mkononi mwangu, bado imelowa: ukuta safi, kila ufa unahesabika, na maharusi wawili ni ukungu mtupu. Fundi akacheka kwa pua. Nilitamani kumrushia ile kamera usoni.

Nikachukua ya kwake, kwa kiburi, nimkomeshe. Kwenye kidirisha naona Neema wawili. Nazungusha lenzi. Wanakaribiana, wanaingiana, anakuwa mmoja, na kope zake naziona moja moja. Sijawahi kulenga vile. Nabonyeza, navuta filamu, nabonyeza tena: kiapo, pete, mama mkwe akilia kwenye kitambaa. Fundi mwenyewe amenishikia flashi. Amesimama mbele kidogo, upande wa kushoto, uso umeelekea lenzi, na anatabasamu. Miaka sita niliyofanya kazi kwake hakunitabasamia hata mara moja, na nikaona raha, nikajiona mjinga kwa kuona raha.

Tuko tena chumba cha giza. Naitia karatasi ya kwanza kwenye dawa, inakuwa nyeusi. Ya pili nyeusi. Zote nyeusi, hata pembe. Naiinua kamera na kuigeuza, na kifuniko kiko palepale kwenye lenzi.

Nikamtukana. Mtu amekufa, nami nikamtukana matusi nisiyoweza kuyaandika. Nikamwuliza, alikuwa amesimama pale anaitazama lenzi muda wote, kwa nini hakuniambia?

"Na wewe," akasema taratibu, "uliniambia?"

Maana siku ile ya aibu yake, flashi niliishika mimi. Nilisimama palepale, mbele kidogo, kushoto. Asubuhi alikuwa amenifokea kuhusu mikono yangu mbele ya wazazi wa bibi harusi, na nilipokiona kifuniko kwenye lenzi alipopiga picha ya kwanza, nikafunga mdomo. Nilidhani atagundua baada ya picha mbili tatu, aone haya kidogo na yeye. Hakugundua. Nikasimama na flashi yangu mpaka filamu ikaisha. Na walipoanza kusema mzee haoni, nikasema nao.

Nikaanza kumwomba radhi. Akanizuia kwa kiganja.

"Sikuja kukusamehe, Rehema. Kukisahau kifuniko nilikisahau. Lakini macho yangu yalikuwa mazima. Mwambie mwanangu."

Akazima taa.

Niliamka jua limeshaingia chumbani, shuka limelowa jasho, meno yameuma ulimi. Nilikuwa bado namchukia, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Sikunywa chai. Nikazibeba kamera zote mbili mpaka kwao Neema, njiani nikitafuta maneno yatakayonipunguzia lawama, na sikuyapata.

Neema alitoka nywele zimesukwa nusu, anatafuna andazi, akauliza kwa furaha nimechagua ipi. Nikaziweka zote kwenye benchi la barazani.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Nina habari ya baba yako ambayo nilipaswa kukuambia akiwa hai. Nikimaliza, utachagua wewe. Na si kamera tu. Utachagua kama bado unataka mimi nikupige picha."

Akaacha kutafuna, akakaa. Nikaanza na ile flashi.